Skuta inanguruma lakini haisogei: kutafuta ugonjwa wa mashine za barafuni

Mpwa wangu aliendesha bodaboda Buzuruga miaka mitatu, kisha akapanda Fuso la mizigo kati ya Mwanza na Sirari. Novemba alipoondoka kwenda kufanya kazi Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard kaskazini kabisa mwa Norwei, alikuwa na wasiwasi na mambo mengi, lakini si magari. Wiki ya kwanza tu, saa tatu asubuhi niko gereji Nyakato, ukaingia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Hii skuta ya theluji inanguruma mpaka inatoa harufu, lakini haiendi. Bosi anasubiri. Nifanyeje?"

Nilijua ni nini kabla hajamaliza, maana mimi mwenyewe niliunguza beliti kwa namna hiyohiyo siku yangu ya nne kule. Nilikaa Longyearbyen misimu minne ya baridi, naendesha na kutengeneza, kabla sijarudi nyumbani. Tangu asubuhi ile mpwa ananitumia dalili, mimi namrudishia sababu. Nimeyakusanya hapa kwa ajili yake, na kwa mwingine yeyote atakayetoka kando ya ziwa letu kwenda kushika usukani kwenye theluji.

Kwanza mazingira. Longyearbyen iko nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Ukimaliza mitaa ya mji, barabara imekwisha. Kwenda Barentsburg, kama kilomita 60, unapanda skuta ya theluji au gari la cheni, yaani linalotembea kwa cheni badala ya tairi. Skuta ina skii mbili mbele, yaani vibao virefu vya kutelezea, na cheni moja pana ya mpira chini ya kiti. Mafuta unayasukuma kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, breki iko mkono wa kushoto. Aliyezoea boda atazungusha mkono wa kulia na hakuna kitakachotokea. Hilo utalizoea kwa siku moja.

Kinachochukua muda ni kubadili namna ya kufikiri. Fundi wa huku akisikia chombo kimegoma anatafuta kilichokatika au kilichoungua. Kule mashine nyingi zinazogoma hazijaharibika, zimeshikwa na baridi. Kwa hiyo kabla hujashika spana jiulize: baridi imegusa nini? Ni oili, mafuta, maji, mpira au betri? Ukilijibu hilo kwanza, hutafungua boliti usiyopaswa kuifungua, na kufungua boliti kwenye hasi 25 si kazi ndogo. Vidole vinakufa ganzi kabla nati haijazunguka mara tatu.

Injini inapanda, skuta imesimama palepale

Skuta imelala nje. Jana jioni ilirudi na theluji imejaa kwenye cheni. Joto la injini likaiyeyusha kidogo, kisha maji yale yakaganda. Asubuhi cheni imeshikana na ardhi, na imeshikana pia na reli za plastiki inazoteleza juu yake. Wewe unasukuma mafuta. Puli ya injini inazunguka, puli ya pili imefungwa, na beliti iliyo kati yao inasuguliwa mahali pamoja. Harufu inayokuja ni ileile ya sahani ya klachi ya lori lililozidisha mzigo likipanda kilima cha Bugando. Ubaya wake ni kwamba beliti iliyopata kidonda hapo haikatiki hapo. Inakatika baadaye, uko kilomita 30 kutoka mjini.

Dawa: zima injini. Shika skii moja kwa kishikio chake cha mbele, ivute kushoto na kulia mpaka iachie, kisha nyingine. Nenda nyuma, shika bampa kwa mikono miwili, piga magoti kidogo, inyanyue sehemu ya nyuma na uidondoshe. Mara ya pili au ya tatu utasikia mlio mkavu, kama ubao wa mtumbwi mkongwe unapopasuka. Hapo cheni imeachia. Washa, iache injini ipate joto, ndipo usukume mafuta taratibu, ikianza kutambaa uiache itambae mita chache kabla hujaongeza.

Kama cheni iko huru na bado injini inapanda bure, fungua kifuniko cha pembeni uitazame beliti yenyewe. Ikiwa imeng'aa mbavuni, imechanika nyuzi au imekonda, ibadilishe. Ikiwa imelowa tu kwa theluji iliyoingia, iendeshe polepole mpaka ikauke. Beliti ya akiba haitoki kwenye boksi la skuta hata siku moja, na kuibadilisha ujifunze mapema. Mpwa wangu nilimwagiza aibadilishe mara tano ndani ya gereji, amevaa glavu, taa zimezimwa, taa ya kichwani tu. Akanipigia kulalamika kwamba ni kazi ya dakika mbili, ya nini kuifanya kama mtihani. Kule jua halionekani tangu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, na beliti haichagui saa ya kukatika. Ukiinama kutengeneza nje ya mji, mwenzako asimame wima akitazama pande zote. Dubu weupe wako kweli, na ndiyo sababu watu hawatoki nje ya mji bila silaha au kifaa cha kuwatishia.

Jioni, kinga ni rahisi: piga cheni teke theluji idondoke, gonga skii, kisha panda na kuegesha juu ya vipande viwili vya mbao. Mbao haishiki kama ardhi inavyoshika.

Taa ya joto inawaka, na nje ni hasi 20

Hii ndiyo iliyonisumbua akili kuliko zote mwanzoni. Injini inachemkaje kwenye baridi inayogandisha kope?

Pikipiki ya huku inapozwa na upepo, gari linapozwa na rejeta iliyo mbele. Skuta nyingi za kule hazitegemei rejeta ya mbele. Maji yake ya moto yanapita kwenye mabati ya alumini yaliyo chini ya kiti, juu ya cheni. Cheni inapozunguka inarusha theluji laini, theluji inagonga mabati yale, injini inapoa. Theluji ndiyo feni yake. Na ndiyo grisi yake pia: zile reli za plastiki zinalainishwa na theluji hiyohiyo. Sasa ingia kwenye mto ulioganda ambao upepo umeufagia ukabaki kioo kitupu. Cheni haina cha kurusha. Dakika kumi, taa inawaka. Ukiendelea, plastiki ya reli inayeyuka na kunata kwenye cheni, na hapo umeharibu kitu kweli.

Toka kwenye kioo, tafuta theluji laini ukingoni, hata kama inakuzungusha. Endesha humo taratibu uone kipimo kikishuka. Kama hakuna, simama, zima, chukua koleo urushie theluji juu ya mabati na kwenye reli. Kifuniko cha maji ya injini usikiguse kikiwa cha moto. Hilo ni lilelile Mwanza na kule. Skuta nyingi zina vikwaruzo, nyaya ngumu zinazoning'inia pembeni mwa reli na kukwangua barafu ili vipande virukie ndani. Vishushe mapema ukiona njia inang'aa. Baadhi yake hupinda au kukatika ukirudi nyuma vikiwa chini, kwa hiyo uliza vya skuta yako ni vya aina gani kabla hujarudi nyuma navyo.

Haiwaki kabisa

Anza na vitu vya aibu. Kamba ya usalama inayofungwa kwenye jaketi lako imechomekwa? Swichi nyekundu ya kuzimia injini iko juu? Kwa glavu nene ni rahisi kuibonyeza bila kujua.

Halafu betri. Kwenye hasi 18, betri ya kawaida inabaki na kama nusu ya nguvu yake, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi. Stata ikizunguka kwa uvivu, usiing'ang'anie. Na kuna hatari ambayo fundi wa huku hajawahi kukutana nayo: betri iliyoisha chaji inaganda karibu na hasi 10, ilhali iliyojaa inavumilia zaidi ya hasi 50. Ukikuta betri imevimba ubavuni, usiibusti kwa nyaya. Imeganda ndani na inaweza kupasuka. Ipeleke ndani iyeyuke kwanza, kisha uipime kama inafaa.

Injini ya mipigo miwili, ndugu ya mashine za mitumbwi ya pale Kirumba, inajaa petroli ukivuta choki na kamba ya kuwashia bila mpango. Dawa yake kila kijana wa mwaloni anaijua: toa plagi, zikaushe, vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje, rudisha. Kama plagi ni kavu kabisa, petroli haifiki. Huenda tone la maji limeganda kwenye bomba. Tangi lililojaa halipati unyevu mwingi ndani, ndiyo maana watu wa kule hujaza jioni, si asubuhi.

Hapa naomba nisikilizwe. Petroli haigandi kwenye hasi 30, inabaki maji, lakini ni maji yenye baridi ya hasi 30, na inapokauka juu ya ngozi inaongeza baridi. Mwaka wangu wa kwanza tone liliniangukia kwenye kifundo cha mkono, kati ya glavu na mkono wa jaketi. Pakawa peupe na pagumu kama minofu ya sangara inayotoka chumba cha kugandishia. Kovu ninalo. Unapomimina mafuta vaa glavu za mpira zinazofika juu, kila mara.

Dizeli inawaka vizuri, dakika tano inazima

Mawese ya Kigoma asubuhi ya baridi yanavyokuwa mazito kwenye chupa, ndivyo dizeli ya kawaida inavyotoa nta kwenye baridi kali. Iliyo karibu na injini inatosha kuwasha; ile ya tangini ikianza kuja, nta inaziba filta, injini inakosa nguvu, inakohoa, inazima. Ukisubiri kidogo inawaka tena, inazima tena. Mtindo huo wa kuwaka na kuzima ndio dalili yenyewe.

Mara nyingi chanzo ni dumu lililobaki tangu kiangazi. Kule kuna dizeli ya majira ya baridi, na usichanganye na nyingine. Weka filta mpya, ijaze dizeli safi ya baridi, pasha njia ya mafuta kwa hita ya hewa. Moto wa wazi, hapana. Nimemwona mtu akisogeza tochi ya gesi chini ya tangi na nikamshika mkono.

Magari makubwa yana hita ya umeme ya injini inayochomekwa usiku. Asubuhi injini ikiwa ya baridi wakati waya umechomekwa, usilaumu hita kabla hujaangalia soketi kama ina umeme.

Gari la cheni: usukani mzito, au nyuma inakataa

Mpwa alihamishiwa Januari kwenye gari la Kiswidi linaloitwa BV206. Lilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Uswidi, na utaliona Svalbard na hata Antaktika. Ni vyumba viwili vilivyoungwa katikati, kila kimoja na cheni mbili za mpira, zote nne zinavuta. Likiwa tupu lina zaidi ya tani 4, na bado linaelea majini. Uzito wake umetandazwa juu ya cheni pana, kwa hiyo linapita mahali ambapo mtu kwa miguu anazama hadi kiunoni. Waliopita kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Kwimba wakati wa masika wanajua maana ya jambo hilo: tairi jembamba linachimba, kilicho kipana kinapita.

Usukani wake haugeuzi magurudumu. Unaamuru jeki za haidroliki zilizo kwenye kiungo zikunje gari lote katikati. Asubuhi ukiuzungusha na gari linaitika kwa kuchelewa, oili ya haidroliki imekuwa kama asali. Usilazimishe. Liache lingurume taratibu, geuza usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka uwe mwepesi. Dereva mwenye haraka anapasua mpira wa haidroliki, na oili nyekundu inamwagika kwenye theluji nyeupe mbele ya kila mtu.

Ukigeuza na mbele inakwenda lakini nyuma inateleza kuelekea bondeni, uko kwenye mteremko wa ubavu na umekunja mno. Nyosha, shuka moja kwa moja, tafuta njia nyingine. Kukunja sana kwenye ubavu, hasa theluji ikiwa imejazana kati ya cheni na magurudumu yake, ndiko kunakoivua cheni. Ukisikia inagonga, tak-tak-tak kwa mwendo uleule wa gari, simama hapohapo uisafishe. Kusafisha ni koleo na robo saa. Kurudisha cheni iliyochomoka ni nusu siku, watu watatu.

Kurudi nyuma nalo kulimpa tabu sana. Nilimwambia asifikirie Fuso na tela. Aweke mtu nje wa kumwongoza, ageuze kidogo sana, asimame, atazame kiungo kimekunjika upande gani, ndipo aendelee.

Skuta haikati kona

Umegeuza mikono, skii zimegeuka, skuta inaenda mbele tu. Ama vyuma vya chini ya skii vimelika, vibadilishwe, ama umekaa nyuma kama abiria wa boda. Sogea mbele, inamia ndani ya kona, punguza mafuta skii zipate uzito.

Mafuta yameng'ang'ania

Unaachia kidole gumba na skuta haipungui. Theluji imeingia kwenye waya wa mafuta, ikayeyuka, ikaganda. Vuta kamba ya usalama mara moja injini izime, usianze kubembeleza. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya kuwasha unabonyeza kile kidude cha mafuta mara tatu na kuona kinarudi chenyewe. Chanzo chake mara nyingi ni wema usio na mpango: skuta ilipelekwa gereji yenye joto kwa saa moja, theluji ikayeyuka kila mahali, ikatolewa nje ikiwa bado mbichi. Breki nazo zinaganda kwa njia hiyo. Ukiiingiza ndani, iache mpaka ikauke kabisa. Kama huna muda huo, iache nje.

Maji juu ya barafu

Sisi tumekulia kando ya maji, na hilo linaweza kutudanganya. Mvuvi wa Ziwa Victoria anasoma upepo na rangi ya maji. Barafu ya bahari inahitaji macho mengine. Chumvi inaifanya iwe dhaifu kuliko barafu ya maji yasiyo na chumvi yenye unene uleule. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, ila ghuba za Svalbard zinapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo pale barafu inapokutana na nchi kavu kuna ufa usiopona. Midomo ya mito, mbele ya kuta za barafu za milimani, na penye mkondo wa maji, usiamini.

Hakuna dalili unayoisubiri ndipo upime. Unatoboa kwa kekee kabla ya kupita, na unatoboa tena mbele. Gari la cheni likiwa juu ya barafu ya bahari, mikanda ya usalama inafunguliwa, kinyume kabisa na anachofundisha trafiki wa huku, na mlango wa kwenye paa uwe tayari kufunguka. Magari yaachiane nafasi.

Ukiona theluji mbele imekuwa ya kijivu na skuta inaanza kuwa nzito, theluji imeielemea barafu mpaka maji yakapanda juu yake. Kama unene ulishapimwa na unatosha, usisimame katikati ya tope hilo wala usifunge breki. Endelea kwa mwendo ule ule mpaka pakavu. Ukishatoka, inamisha skuta ubavu, zungusha cheni maji yaruke. Dakika kumi ukichelewa umerudi kwenye tatizo la kwanza kabisa la waraka huu.

Huoni chini, huoni juu

Machi, jua likiwa limerudi, mpwa alifurahi sana. Nikamwonya kuhusu mwanga tambarare. Mawingu na theluji vinakuwa rangi moja, kivuli hakuna, huwezi kujua kama mbele ni shimo au kilima. Njia zimewekewa fimbo. Katika kituo cha Marekani cha McMurdo, Antaktika, njia salama huwekewa bendera nyekundu na kijani, na nyeusi ni alama ya hatari. Popote ulipo kanuni ni moja: fimbo inayofuata isipoonekana, unasimama kwenye hii uliyonayo. Ukiwa ndani ya gari na injini inafanya kazi, toka kila baada ya muda uondoe theluji kwenye ekzosi, moshi usije ukarudi ndani.

Wiki iliyopita ilimpata. Alikuwa na abiria wanne kwenye gari la cheni, mmoja ana ndege ya kuwahi. Akasimama kwenye fimbo. Abiria wakamwambia njia inakwenda mbele tu, iko wazi, twende. Akakaa dakika 40, akishuka mara mbili kusafisha ekzosi. Mwanga ulipofunguka kidogo, fimbo ya pili ikaonekana. Ilikuwa kushoto kwake, kama mita ishirini. Mbele alikokuwa ameelekeza pua ya gari palikuwa na ukingo wa mto.